Kibao cha mradi kinamtaja kila mtu isipokuwa fundi

Pita Kariakoo, Upanga au Sinza, popote penye jengo linaloinuka, utakuta kibao kimesimama mbele ya uzio wa mabati. Kimeandikwa jina la mradi, mwenye mradi, mbunifu majengo, mhandisi, mkadiriaji majenzi, mkandarasi na namba ya kibali. Taratibu zinataka hivyo na ni taratibu nzuri. Jina la ofisi yetu hukaa pale, mstari wa nne au wa tano kutoka juu, na sitajifanya mnyenyekevu: napenda kuliona. Ila katika miaka yote ya kazi hii sijaona kibao chenye jina la aliyeshika mwiko.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Kazi yangu ni kuugeuza mchoro kuwa jedwali: ukuta mita za mraba kadhaa, zege mita za ujazo kadhaa, plasta, rangi, vigae, kila mstari na bei yake. Katika jedwali hilo fundi hana mwili. Amemezwa ndani ya bei ya mita moja ya ukuta pamoja na mchanga, maji na faida ya mkandarasi. Aje mwashi aliyefundishwa na baba yake tangu utotoni, aje kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa saidia fundi, bei ni ileile na mstari ni uleule. Basi mkandarasi mwenye akili atamchukua nani? Hapo ndipo miji yetu inapoharibikia, kwenye karatasi zetu, kabla hata msingi haujachimbwa.

Tabia yenyewe ni ya kale. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe kwa ustadi wa kumfanya mtu asimame. Yanataja mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na yanamtaja sheikh aliyeamuru msikiti ujengwe. Aliyeyachonga hayumo. Kilwa Kisiwani hali ni hiyohiyo. Tunajua kuwa Husuni Kubwa ilikuwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Sultani hakuchanganya chokaa. Wapo watu waliojua kuzungusha kuba juu ya Msikiti Mkuu bila kipande cha nondo, wakiwa na timazi, kamba na chokaa tu. Sehemu iliyoongezwa kwenye msikiti huo ilipokuja kuanguka, waliofuata hawakurudia nguzo za jiwe moja moja. Walijenga nguzo za mawe madogo yaliyounganishwa kwa chokaa, na hizo ndizo zilizobeba makuba hata leo mgeni anapita chini yake. Leo mtu akifanya hivyo chuo kikuu anaitwa mtafiti na anapewa joho.

Wapo waliokuwa na bahati ya kuandikwa. Msikiti wa Süleymaniye kule Istanbul, uliokamilika 1557, kila mtu anajua ni kazi ya Sinan, na Sinan mwenyewe alianzia useremala. Lakini kinachonivutia mimi, kwa ugonjwa wa taaluma yangu, ni vitabu vya hesabu vya ujenzi ule. Vipo hadi leo. Mafundi wameorodheshwa na ujira wao wa siku. Mkadiriaji wa karne ya 16 alijua kwamba mwashi ni mtu.

Turudi kwetu. Aliyepima vyumba vya Mji Mkongwe wa Zanzibar na vya Lamu ni boriti ya mkoko, pamoja na fundi aliyejua itabeba nini. Boriti ikilazwa kushikilia dari ya mawe na chokaa haiendi mbali: mita mbili na nusu, ikizidi sana tatu. Chumba kikawa chembamba, na urefu wake ukaachiwa mfuko wa mwenye nyumba. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu unatoka kiwandani, yaani uani, unapita msana wa kwanza, msana wa pili, vyumba virefu vimelala sambamba kimoja nyuma ya kingine, hadi ufike ndani kabisa penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Majahazi yalipochukua boriti za Rufiji na Lamu kwenda Ghuba, kipimo kilisafiri nazo. Nyumba za zamani za Muharraq na Kuwait zina vyumba vyembamba vinavyokaribiana sana upana na vya kwetu. Hakuna sultani aliyetoa amri hiyo wala ofisi ya mipango miji iliyoipitisha. Fundi alikata boriti pale ilipofaa kukatwa, na miji ya pande mbili za bahari ikafuata mkono wake.

Na dari ile si kitu cha kupuuza. Juu ya boriti hulazwa mawe bapa, kisha zege la chokaa na vipande vya matumbawe, kisha linapigwa. Watu, wengi wao wanawake, walilipiga kwa vipande vya mti siku baada ya siku huku wakiimba, mpaka lishikane liwe kitu kimoja. Sijui mstari gani wa jedwali ungeweza kuwapokea wanawake wale. Nyimbo hazina kipimo cha mraba.

Wapangaji wa miji nao walikuja, mmoja baada ya mwingine. Zanzibar ilipata mpango wa Mwingereza Lanchester mwaka 1923, wa Kendall 1958, wa Wajerumani wa Mashariki 1968, wa Wachina 1982. Mipango minne ndani ya miaka 60. Majumba marefu ya Michenzani yanasimama kama ushahidi kwamba baadhi ya karatasi zile zilikuwa na nguvu. Lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vilibaki vilivyochorwa na waashi waliokuwa wakijenga nyumba moja pembeni ya nyingine na kubishana na jirani juu ya kona, na ni vichochoro hivyo UNESCO ilivyovitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lamu ikafuata mwaka uliofuata.

Niliwahi kukadiria ukarabati wa nyumba moja ya ghorofa mbili upande wa Malindi, humo humo Mji Mkongwe. Maelezo ya kazi yalisema: ondoa plasta iliyooza, piga plasta mpya ya saruji na mchanga. Fundi aliyeitwa kutufungulia ukuta alikuwa mzee wa Kiunguja, kofia kichwani, suruali kaikunja hadi ugokoni. Mchoro hakuutazama. Aliushika mwiko kinyumenyume, akaanza kugonga ukuta kwa mpini, hatua kwa hatua, sikio karibu na jiwe. Ngo, ngo, ngo, sauti nene. Halafu chini ya dirisha sauti ikawa ya uwazi. Akasimama. Akachokoa ile plasta ya saruji ya ukarabati uliopita, ngumu kama kigae, ikabanduka kipande kizima. Nyuma yake ukaanza kumwagika mchanga wenye unyevu, mweupe kwa chumvi. Zamani ulikuwa ukuta.

"Waona, mwanangu?" akaniambia. "Ukuta huu ulikuwa ukipumua. Wamekuja wameuziba."

"Sasa tuandike nini, Mzee?"

"Andika chokaa. Na andika muda. Chokaa haimtaki mtu mwenye haraka."

Nilichojifunza darasani na alichonionyesha kwa mpini wa mwiko ni kitu kimoja, ila yeye alifika kwanza. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita na zaidi. Zinanyonya maji kutoka ardhini, na maji ya kisiwani hayakosi chumvi. Plasta ya chokaa huyaacha maji yatoke nje kama mvuke. Ya saruji huyafungia ndani. Chumvi inabaki, inakaa kwenye vitundu vya jiwe na kulipasua polepole, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani vinaoza mahali ambapo jicho halifiki. Nyumba inaonekana nadhifu, imepakwa rangi, hoteli imefunguliwa, wageni wanapiga picha. Ndani yake inaliwa.

Yule mzee alipochanganya chokaa ya kunionyesha, iliyokuwa imelowekwa shimoni kwa miezi, aliipiga kwa jembe, akaigeuza, akaipiga tena. Akachota, akapindua mwiko juu chini. Ikaanguka. "Bado." Akarudia mpaka ikang'ang'ania mwiko, ndipo akamwita kijana wake alete ndoo. Kipimo hicho hakimo katika nyaraka zangu, na mkaguzi hawezi kukiuliza.

Niliubadilisha mstari kwenye jedwali. Mwenye nyumba alipoona bei na muda, akaurudisha ulivyokuwa. Saruji ikapigwa.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, Mji Mkongwe, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea. Jumba lile la 1883, la Sultani Barghash, lenye nguzo za chuma, lililopata umeme na lifti kabla ya majumba mengine ya Afrika Mashariki, liliandikwa na kila gazeti. Wafanyakazi wawili wa ujenzi walikufa pale. Muulize mtu yeyote leo jumba lilijengwa na nani, atakwambia Barghash. Muulize waliokufa wakilikarabati ni kina nani, utaona macho yake.

Watu wa bara wasidhani hii ni habari ya visiwani. Dar es Salaam nayo ilijengwa na mafundi wasiokuwa na mchoro. Nyumba ya Kiswahili ninyi mnaijua: baraza mbele, mlango katikati, korido inayopita moja kwa moja, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha uani penye jiko, choo na stoo. Kwanza ilikuwa ya miti na udongo, paa la makuti. Baadaye madebe yaliyokunjuliwa, baadaye mabati na tofali. Kariakoo ya zamani, Ilala, Magomeni, Temeke, mtaa kwa mtaa, nyumba baada ya nyumba, zilisimamishwa na fundi aliyepima kwa hatua na kamba. Na mpango ule ulikuwa na akili ya uchumi. Mwenye nyumba anaweza kuanza na vyumba viwili, akipata pesa akaongeza viwili. Kila chumba kina mlango wake kwenye korido, kwa hiyo kinaweza kupangishwa peke yake. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita hakuhitaji pensheni. Baraza ikawa duka la mafuta ya taa, meza ya fundi cherehani, mahali pa bao. Niambieni ni mbunifu gani mwenye shahada aliyetoa ramani moja iliyowahifadhi wakazi wengi hivyo wa jiji hili. Mimi simjui, na nimefanya kazi na wengi.

Katikati ya Kariakoo hiyohiyo limesimama soko la Beda Amuli. Huyu alikuwa na shahada, aliisomea Haifa, akarudi, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa ukanda huu kufungua ofisi yao wenyewe ya ubunifu majengo. Soko lake la miaka ya 1970 lina paa la miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayokusanya maji ya mvua na kuyateremsha kwenye matangi ya chini ya ardhi. Ni jengo ninaloliheshimu kuliko mengi ya vioo yanayolizunguka sasa, na moto uliolichoma Julai 2021 uliniuma. Jina la Amuli linastahili kutajwa kuliko linavyotajwa. Ila kila mwavuli ule wa zege uliumbwa kwanza kwa mbao. Maseremala walipanga ubao kwa ubao hadi umbo likakaa, ndipo zege likamwagwa, na likishakauka kazi yao ikang'olewa. Hakuna ustadi unaofutika haraka kama wa seremala wa zege.

Najua mtakachonijibu, maana wahandisi ninaofanya nao kazi wameshanijibu hivyo zaidi ya mara moja, wengine kwa sauti. Mafundi hawahawa unaowasifu ndio wanaotuua. Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na kuua watu wengi, wafanyabiashara na wateja, mchana kweupe. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua zaidi ya watu 30. Fundi wa mtaani anayechanganya kwa kukisia, anayekata nondo ili abakize za kuuza, anayevunja ukuta wa chini aongeze fremu za duka kwa sababu mwenye nyumba kamwambia avunje: huyo ndiye unataka aandikwe kwenye kibao?

Huyo hasa. Hoja hiyo ninaipokea nusu nzima. Ustadi wa chokaa na boriti hauhamii wenyewe kwenye zege la ghorofa sita. Dari ya mikoko ikichoka inashuka tumbo, ukuta wa mawe unatoa ufa, mwenye nyumba ana muda wa kuhamisha watoto. Nguzo ya zege dhaifu haiagi mtu. Kwa hiyo mhandisi lazima awepo, na mahesabu yake yaheshimiwe, na asiyeyaheshimu ashtakiwe. Lakini mhandisi hupita eneo la ujenzi akirudi kutoka eneo jingine. Saa tatu usiku lenta inapofungwa kwa taa ya jenereta, aliyepo ni fundi. Yeye ndiye anayejua kama zege lilikuwa moja kwa mbili kwa nne au moja kwa chochote kilichobaki kwenye toroli. Mtu huyo tumemfanya asiwe na jina, akimaliza kazi anapanda daladala anatoweka, halafu tunashangaa kwamba haogopi kitu. Nyumba aliyoijenga ikiwa na ufa, fundi wa kijijini kwetu alikuwa akizunguka njia nyingine asipite mbele yake. Jina lake lilikuwa ukutani hata kama halikuandikwa.

Kule Mali, katika mji wa Djenné wenye nyumba za udongo, waashi wana chama chao cha jadi kinachoitwa barey ton. Familia ya mwashi na familia ya mwenye nyumba zimeshikana vizazi kwa vizazi. Nyumba ikihitaji kukandikwa upya unajua uende kwa nani, na yeye anajua aibu ni ya nani ikivuja. Msikiti Mkuu wa mji ule, ulijengwa upya na kumalizika 1907, ujenzi wake ukiongozwa na mkuu wa waashi, Ismaila Traoré, na jina lake liko kwenye vitabu. Kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika chini ya macho ya waashi. Sina ndoto kwamba tutaleta chama cha namna hiyo Mbagala. Ninachotaka ni kidogo kuliko hicho.

Nataka kibao kiongezewe mstari mmoja: fundi mkuu mwashi. Kwenye jengo la zege aongezwe fundi nondo, na kwenye nyumba ya kale fundi chokaa. Jina kamili, pamoja na namba ya cheti chake. Cheti kinawezekana, VETA inawapima mafundi waliojifunzia kazini bila kupita darasani, na Zanzibar ina mamlaka yake ya mafunzo ya amali. Na katika jedwali la gharama, ambalo ni uwanja wangu, nataka fundi mkuu atolewe ndani ya bei ya mita ya mraba na apewe mstari wake mwenyewe, kama tunavyompa mhandisi wa eneo. Wanafunzi wake wawili pia wapewe mstari, hasa kwenye nyumba za urithi, kwa sababu yule mzee wa Malindi kijana wake alikuwa mmoja tu, na kijana huyo siku hizi anaendesha bodaboda Mwanakwerekwe. Bodaboda inalipa jioni ileile. Siwezi kumlaumu.

Serikali ndiyo mteja mkubwa kuliko wote, kwa hiyo ianze yenyewe: madarasa, zahanati, masoko. Haihitaji sheria mpya kuandika sharti kwenye zabuni. Mapendekezo haya nimeyafikisha kwenye vikao vya taaluma zaidi ya kimoja na yamepokewa kwa tabasamu.

Aliyenijibu kwa uzito alikuwa mkandarasi mmoja, mtu wa makamo, tajiri wa haki yake, tuliyekaa naye tukisubiri makabidhiano ya jengo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanywa maji, akasema: "Dada yangu, nikiandika jina la fundi wangu pale nje na namba ya cheti, kesho asubuhi mwenzangu anapita na gari, analisoma, jioni kampigia simu, kampandishia dau. Unanitafutia hasara."

Nikamwambia ndivyo hasa nilivyokusudia.